Sakafu Nyekundu ya Makandana

Nilipopigiwa simu kwamba Mzee Angetile wa Masukulu amefariki, sikujiuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Mtu aliyekula chumvi nyingi kama yule hahitaji ugonjwa. Nilijiuliza kwa nini nimepigiwa mimi. Sauti ilikuwa ya binti yake, Sekela, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tunapungiana mikono tu pale sokoni Tukuyu, yeye kwenye nguo zake na mimi kwenye gari langu. "Fundi Ambokile, baba ametuacha. Mwili unafika Makandana kesho, kesho kutwa tunakwenda kuzika kwake Masukulu." Nikasema poleni sana, dada. Kisha akaongeza kwa ile sauti ya mtu anayefikisha mzigo usio wake: "Siyo mimi niliyetaka kukusumbua. Ni Mama Lusajo. Amesema yule fundi asikose." Basi usingizi ukaniruka. Mimi ni mtu ninayejulikana wilaya nzima. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nina nyumba nilizozisimamisha mwenyewe kuanzia msingi hadi bati, na watu waliosoma mpaka wakachoka wananiita bosi, mimi niliyeishia darasa la nne. Mtu kama mimi akiitwa msibani kwa jina, lazima ajiulize anatakiwa nini. Na nikijua anayeniita ni Mama Lusajo, najiuliza mara mbili.

Habari za baba na mama yangu naziacha, hazijengi wala hazibomoi. Nianzie mwaka ule nilipokuwa na miaka kama ishirini na moja, kila kitu kilipokuwa ruksa. Waliokuwapo wanakumbuka. Saruji iliyokuwa inatafutwa kwa barua za wakubwa ikaanza kuonekana madukani kama sukari. Mitumba ikaingia, marobota kwa marobota, watu wakavaa makoti ya Wazungu hata shambani. Aliyekuwa na akili ya biashara akachomoka. Mmoja wao alikuwa Gwamaka, mtoto wa Mzee Angetile, aliyekuwa anajaza lori ndizi za Rungwe na kuzipeleka Dar es Salaam, halafu anarudi na mabati. Akanunua kiwanja Makandana, pale pale Tukuyu, mahali penye mteremko, akanichukua mimi nimjengee. Mafundi wakubwa walicheka. Walisema, kijana aliyebeba zege jana leo anashika mwiko? Niliwaonyesha. Kwa sababu ya mteremko nilinyanyua msingi kwa mawe meusi, upande wa chini ukafika kifuani kwa mtu mzima, na juu yake nikatandaza baraza refu linalotazama njia. Sakafu niliitia rangi nyekundu, nikailainisha kwa mwiko wa chuma siku nzima nimepiga magoti, kisha nikaisugua kwa nta na gunia mpaka ukiinama unaona meno yako. Gwamaka aliniuliza kama haitafaa kuweka kiukuta kifupi pale ukingoni, cha kuzuia watu wasidondoke. Nilimwambia, "Kaka, ukiweka kiukuta, nani ataiona sakafu akipita njiani?" Akacheka, akakubali. Watu wakaanza kupita njia ile makusudi. Nakumbuka mama mmoja alivua viatu chini kabisa kwenye ngazi, akapanda akinyata kama yuko kanisani.

Kwa kuwa kazi ya ndani ilikuwa haijaisha, nilipewa chumba cha uani, kile cha jikoni, chenye dirisha dogo linalotazama migomba. Asubuhi nilisikia mvua kwenye bati, kisha kuni zinapasuliwa, kisha harufu ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika na maharage, inaingia chini ya mlango. Anayepika alikuwa mke wa Gwamaka, mama wa mtoto mmoja aliyeitwa Lusajo, aliyekuwa anakaribia miaka mitatu. Yeye alitokea Matwebe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi kwa wakati ule sikuwaamini watu wa maneno machache. Ukimwuliza, "Shemeji, umeamkaje?" anajibu, "Salama," anaondoka na sufuria. Sekela, wifi yake, alikuwa akiishi nao pale, na yeye alikuwa kinyume kabisa, redio isiyozimwa. Alfajiri anakwenda sokoni kuuza mitumba, jioni anarudi na habari za mji mzima. Ndiye aliyemletea Lusajo soksi nene za sufu kutoka kwenye robota, kwa sababu baridi ya Tukuyu haina mchezo. Mtoto alizipenda akawa hazivui. Unamsikia barazani, shwaa, shwaa, anateleza huku anacheka. Nami nilijisifu moyoni: sakafu yangu hata mtoto anaifurahia.

Mzee Angetile alikuwa anakuja kutoka Masukulu bila taarifa, siku yoyote akipata gari, na mkungu wa ndizi au maziwa kwenye kibuyu. Hapa nieleze kidogo kwa vijana wa siku hizi na wageni. Kwetu sisi Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Haketi naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hataji jina lake. Akimsikia anakuja, anaondoka mbio, anapita nyuma, anajificha mpaka mzee aingie na kukaa. Na mzee naye ana sehemu yake: akikaribia nyumba ya mwanawe anabisha hodi kwa mbali, anasimama, anageuza uso kando ili mkwe apate nafasi ya kuondoka kwa heshima. Mjini wengi walikuwa wameshaanza kulegeza. Mama Lusajo hakulegeza hata uzi mmoja, alilelewa na bibi yake. Mimi ni mtu wa huku huku, desturi naijua toka nikiwa mtoto. Nadhani ndiyo maana sikuiona. Kitu unachokijua sana hukitazami tena.

Mara ya kwanza Lusajo alipoanguka kutoka barazani, mimi nilikuwa ndani napiga lipu. Nilisikia kishindo kidogo, kama gunia la maharage limeshushwa, halafu kimya, halafu kilio. Paji la uso lilikuwa limevimba yai zima. Tukasema ni mtoto, watoto huanguka. Haikupita miezi miwili, akaanguka tena, upande ule ule wa chini, kidevu kikapasukia kwenye jiwe. Safari hii nilimbeba mimi mwenyewe hadi hospitali, mama yake akinifuata nyuma bila viatu. Muuguzi aliyemshona alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alishona huku anauliza, na maswali yake hayakunipendeza.

"Ameanguka kutoka wapi?"

"Barazani," nikasema.

"Juu kiasi gani?"

Nikaonyesha kifuani kwangu. Akanitazama juu ya miwani.

"Alikuwa na nani?"

Nikamgeukia Mama Lusajo. Akatazama sakafu ya hospitali. "Nilikuwa nyuma," akasema.

"Nyuma kufanya nini?"

Akamfuta mtoto machozi. Muuguzi alikata uzi, akasema taratibu kwamba watoto wa umri ule lazima waanguke, ndiyo kazi yao, ila mtu mzima ajiulize wanaangukia wapi, wamevaa nini na nani alikuwa anawatazama. Maneno matatu yale yangenitosha. Lakini mimi nilisikia moja tu, la mwisho. Njiani kurudi nikawa namwangalia yule mwanamke kwa pembeni. Nyuma kufanya nini? Mbona hasemi?

Kumbe sikuwa peke yangu. Jioni moja niko chumbani kwangu nakula magimbi na chai, nikamsikia Sekela jikoni na jirani mmoja, mama aliyekuwa anauza vitumbua. Ukuta wenyewe nilikuwa nimeujenga mimi, najua unavyopitisha sauti.

"Mara mbili, mama. Na mara zote mbili baba yuko njiani anakuja! Akifika anakuta mjukuu ana damu."

"Mwe! Unataka kusema mzee ana mguu mbaya?"

"Usinichokoze wewe! Baba yangu mtu wa kanisa. Namsema huyu wa Matwebe. Nimeuliza, alikuwa wapi? Nyuma. Nyuma kuna nini? Kuna migomba. Kwenye migomba kuna nani?"

"Ee Kyala, Mungu wangu! Na mume yuko Dar na ndizi zake."

"Ndiyo nakwambia."

Wakacheka kile kicheko cha chini chini. Nikaacha chai yangu ikapoa. Neno lile likaniingia kama kibanzi. Nilianza kukumbuka vitu: siku fulani nilimwona anatoka kwenye migomba na majani kwenye kanga, siku nyingine nilimwita akaitika kutoka mbali, anahema. Asubuhi yake Sekela alinikuta nachota maji. Akasema, "Fundi, wewe unashinda hapa. Macho unayo?" Nikamjibu, "Macho yangu hayapitwi na nusu inchi, dada." Basi nikawa mlinzi nisiyelipwa. Nilipiga lipu huku sikio moja liko nje. Kila mwanaume aliyepita njiani nilimpima: yule muuza mkaa, mbona anasalimia mara mbili? Yule mwalimu, mbona amesimama kufunga kamba ya kiatu hapa hapa? Hata nilipokuwa nakula chakula chake nilikuwa najiuliza ametia chumvi nyingi kwa nini leo, mawazo yako wapi. Nikamwambia Sekela nilichokiona, kwamba ni kweli huwa anakimbilia migombani. Sikusema zaidi. Lakini kwa mtu kama Sekela hilo lilikuwa limeshatosha, na mimi nilijua.

Mara ya tatu ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, sakafu ina unyevu wa ukungu. Nilikuwa dirishani. Nikamwona Mama Lusajo anaweka chini kisu alichokuwa anamenyea ndizi, anasikiliza, anafunga kanga haraka, anatoka mlango wa nyuma mbio. Nikasema, leo nimekupata. Nikaacha mwiko kwenye ndoo, nikamfuata nimeinama kama mwindaji. Alipita mgomba wa kwanza, wa pili, akaingia ndani kabisa. Nikasogea. Nilitegemea kuona suruali. Nilichokiona ni mwanamke peke yake, amechuchumaa, amejifunika kanga kichwani, uso ameuelekeza kwenye shina la mgomba kama mtoto anayecheza kujificha. Anahema. Na hapo hapo nikasikia kutoka njiani sauti nzito: "Hodi! Hodi hapa!" Mzee Angetile. Nikageuka. Kutoka pale nilipokuwa, kwenye mteremko, naliona baraza langu lote kwa ubavu, linang'aa. Mzee amesimama njiani na mkungu begani, uso ameugeuza upande wa barabara, anampa mkwe wake nafasi. Mkwe huku migombani uso kwenye shina. Na katikati yao, Lusajo anatoka mlangoni na soksi zake za sufu, mikono juu, anapiga kelele "Babu! Babu!", anakimbia kwenye sakafu yangu. Hakuweza kusimama. Niliona miguu inajaribu kusimama na mwili unaendelea. Akapita ukingoni kama kitu kilichosukumwa kutoka mezani.

Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiwiko. Safari hii mzee mwenyewe ndiye aliyembeba, mimi nikabeba mkungu, sijui kwa nini nilibeba mkungu.

Sasa mtu atasema, basi Fundi, hapo hapo ungesema. Rahisi kusema hivyo ukiwa umeketi. Nilikaa siku nne na lile jambo. Gwamaka alirudi kutoka safari, akamkuta mtoto na mkono umefungwa plasta nyeupe kubwa kuliko yeye. Sekela akamwambia aliyomwambia. Kikaitishwa kikao cha familia. Mimi nilikuwa na kazi mbili zinanisubiri; watu wawili waliiona sakafu ile wakataka ya namna ile ile. Nikisema sakafu yangu inateleza, nitajenga wapi tena? Nikisema mzee ndiye anayesababisha, nani atakuwa upande wangu? Na nikinyamaza, yule mwanamke atarudishwa Matwebe bila mtoto. Nilijaribu hata kumshuku zaidi ili nipate nafuu. Nilijiambia, labda siku zile nyingine kulikuwa na mtu. Moyo ukakataa.

Kikao kilikaa sebuleni, baada ya chakula cha mchana ambacho Mama Lusajo ndiye aliyekipika. Alipika wali, nyama na mbalaga, akamkabidhi jirani aingize vyombo, kwa sababu mzee yuko ndani na yeye haruhusiwi kuingia. Fikiria hilo. Kesi ni yake, na yeye yuko nje, nyuma ya dirisha la jikoni, anasikia kila kitu na hawezi kujibu. Nilipokwenda kunawa mikono nilikiona kitenge kimefungwa fundo mlangoni: nguo zake zote. Lusajo alikuwa amelikalia lile fundo, anagonga plasta yake kwa kijiko. Mama yake aliniangalia mara moja tu. Hakuniomba. Angeomba, pengine ningepata sababu ya kukasirika.

Walikuwepo Mzee Angetile, Gwamaka, Sekela, na mzee wa kanisa kutoka kwa jirani, aliyeitwa awe shahidi. Sekela alimaliza maneno yake akasema, "Msiniulize mimi, mwulizeni Fundi, yeye ameona kwa macho."

Mzee wa kanisa akanigeukia. "Kijana, ni kweli huwa anakimbilia migombani na kumwacha mtoto?"

"Ni kweli."

Gwamaka aliinamisha kichwa. Sekela akapiga paja lake: "Haya!"

"Ila nimemfuata," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, mimi mwenyewe niliishangaa. "Hakuna mtu kule. Amechuchumaa peke yake. Anamkimbia..." Nikakosa pa kuliweka neno. Nikaonyesha kwa kidevu tu, kwa adabu, upande alioketi mzee. "Anasikia hodi. Anaondoka kama inavyotakiwa. Na mzee naye anageuka kama inavyotakiwa. Basi mtoto anabaki."

Kule mlangoni kijiko cha Lusajo kiliacha kugonga.

"Unamsingizia baba?" Sekela akasimama.

"Kaa chini, mwanangu," mzee akasema. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anaitazama ncha yake. "Mara zote tatu?"

"Ya tatu nimeiona. Zile mbili, mzee, unazijua mwenyewe. Ulikuwa umesimama wapi?"

Aliiweka fimbo chini. Kisha akasema kwa Kinyakyusa, polepole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: kumbe heshima yangu ndiyo iliyokuwa inamwangusha. Mzee wa kanisa alikohoa. Akauliza swali moja zaidi, nadhani la kumalizia tu: "Na kwa nini anaanguka? Watoto wote wanakimbia barazani kumpokea babu."

Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa fundi wa nyumba ile. Nikasema, "Mtoto ni mtoto, mzee."

Wakaitikia kwa vichwa, wakakubali. Fundo la kitenge likafunguliwa jioni ile ile. Gwamaka alikwenda nyuma jikoni, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu akasingizia moshi.

Tangu siku ile Mzee Angetile hakubisha hodi tena. Akishuka kwenye gari kule barabarani alikuwa anaanza kuimba wimbo wa kanisani wa Kinyakyusa, kwa sauti yake nzito iliyokuwa inatetemesha vikombe, anatembea polepole makusudi, ubeti mzima kutoka barabarani hadi kwenye ngazi. Mama Lusajo akisikia alikuwa anamchukua mtoto mgongoni, anaondoka naye kwenda nyuma, na mtoto anarudishwa babu akishaketi. Baada ya muda Lusajo alijifunza mwenyewe: akisikia wimbo, anakaa kitako pale alipo, anasubiri. Nilimwona kwa macho yangu mara nyingi. Na siku moja nilirudi kutoka kwenye kazi yangu mpya nikamkuta mzee amepiga magoti kwenye baraza langu na fungu la mianzi. Anafunga kizuizi, mwanzi kwa mwanzi, kwa kamba za magome, ule ufundi wa wazee wetu wa kujenga nyumba nzima bila msumari. Niliudhika, sifichi. Nikasema, "Mzee, unaziba sakafu." Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Fundi. Shika hapa nikaze." Nikashika. Kizuizi kile kilikuwa kibaya kwa macho, cha kienyeji, na kilisimama miaka na miaka. Nami, kwa kuwa sikuwa mjinga, nikachukua kipimo chake, urefu wa kifua cha mtoto na nafasi isiyopitisha kichwa, nikaanza kutengeneza vya namna hiyo kwa zege kwenye kila nyumba niliyojenga. Leo watu wanaviita vizuizi vya Ambokile. Nimetajirikia hapo. Nimewaeleza watu kwenye harusi, kwenye baa, hata kanisani, jinsi nilivyovibuni, na jinsi siku moja nilivyosimama mbele ya wazee nikaokoa ndoa ya mtu kwa ulimi wangu mwenyewe. Ni kweli nilisimama.

Basi nikaenda msibani Makandana. Niliegesha gari mbali kidogo nipate kuwatazama kwanza. Sakafu nyekundu haipo tena, wameweka vigae, na kizuizi ni cha chuma. Upande wa ngazi walikuwa wamekitoa ili jeneza lipite. Sekela amezeeka vizuri, alinipa kiti na soda, akasema, "Kula kwanza, utamwona aliyekuita." Lusajo mwenyewe alikuja kunisalimia, mwanaume mrefu, kovu la kidevu limejificha kwenye ndevu. Mkono wake ule haunyooki kabisa. Alinishika kwa ule mwingine. Ana mtoto wa miaka mitatu, msichana, anayekimbia kama baba yake. Nilikaa nikitafuta maana ya kila kitu. Kwa nini soda yangu imefunguliwa tayari? Kwa nini Gwamaka ananong'ona na mzee yule? Nikawaza labda kuna kikao kingine kinanisubiri.

Kwaya ikaanza kuimba. Ni wimbo ule ule wa mzee. Mama Lusajo alikuwa karibu na mlango na sinia la vikombe. Sasa ni bibi, mgongo umeinama kidogo. Aliposikia ubeti wa kwanza aliweka sinia chini, akamnyakua mjukuu wake, akamtupia mgongoni, akaanza kwenda mbio upande wa migomba. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba ndipo akasimama. Wanawake wenzake walimwona. Mmoja akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na wengine wakafuata. Yeye alibaki amesimama pale, ameipa nyumba mgongo, mtoto mgongoni anawatazama watu.

Nikamfuata. Hii ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kumfuata kule.

"Pole, Mama Lusajo. Nimeambiwa umeniita."

"Nimekuita." Hakugeuka mara moja. "Wanasema unawasimulia watu kwamba uliniokoa."

Nikajua sasa ndiyo lenyewe. Nikajiandaa. Nikasema, "Nilisema nilichokiona."

"Ulisema. Nilikuwa dirishani, nilisikia yote. Ulinisema mimi, ukamsema baba. Sakafu hukuisema."

Nilikuwa na maneno mengi. Mimi si mtu wa kukosa maneno. Nilitaka kumwambia kuhusu soksi za Sekela, kuhusu unyevu, kuhusu Gwamaka aliyekubali mwenyewe. Badala yake nikamwuliza, "Kwa nini wewe hukusema? Ulijua toka mwanzo."

"Ningemtaja nani?" akasema. "Baba siwezi kumtaja. Na wewe walikuwa wanakusifia mji mzima, nani angenisikiliza mimi wa Matwebe?" Akamshusha mtoto mgongoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. "Sikukuitia ugomvi. Nimekuwa mkwe wa yule mzee maisha yangu yote, sura yake sijawahi kuitazama. Wameniambia leo naruhusiwa, kabla hawajafunika. Nataka niingie peke yangu. Huyu akinifuata atakimbia, na vigae vile vina maji ya watu waliokanyaga. Mshike."

"Mimi?"

"Wewe unalijua hilo baraza kuliko wote." Akaniwekea mkono wa mtoto kwenye mkono wangu. "Ila usigeuze uso, Fundi. Hata wakipita naye."

Akaingia. Mimi nikaketi chini, suruali yangu ya msibani kwenye vigae vyenye maji, mgongo kwenye nguzo, pale pale palipotolewa kizuizi. Nilimshika yule mtoto kwa nyuma ya gauni. Alikuwa na soksi. Nikamvua moja, akacheka, nikamvua ya pili. Ndani nilisikia sauti ya Mama Lusajo, kwa mara ya kwanza toka nimjue, inalitaja jina la mzee. Baadaye wakaja na jeneza. Watu wote barazani walisimama, wakainamisha vichwa na kugeuza nyuso kando, kama inavyotakiwa. Jeneza lilipita karibu kiasi kwamba nilisikia ubao unalia. Mimi sikusimama. Najua walinitazama, najua kuna walioniona sina adabu. Macho yangu yalikuwa kwenye miguu miwili midogo, mitupu, iliyokuwa inaruka-ruka ukingoni, na mkono wangu haukulegea.